Tarumbeta Lililorekodiwa Uani

Niliondoka Shinyanga Jumatano kwa ajili ya wimbo mmoja. Bendi yetu ya vijana wanne ilipiga roki, magitaa ya umeme yakikwaruza hadi majirani wakafunga madirisha. Jumamosi mafundi wa redio walikuwa waje kuturekodi, mara moja tu, na kiongozi wetu Salum aliona wimbo umepwaya katikati. "Hapa panataka tarumbeta," alisema. "Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, kuna mama anapuliza. Kamlete."

Saa kumi na mbili asubuhi nikapanda lori la pamba hadi Kahama, nikashuka mwekundu kwa vumbi hata kope. Nikalala huko.

Alhamisi mchana nikafika Nyarugusu. Kabla sijauliza njia, tarumbeta likalia mara tatu, na wachimbaji wakachomoka mashimoni wakikimbilia kibanda cha chakula. Mlangoni alisimama Mama Kulwa, tarumbeta mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. Kupuliza alijifunza usichanani mwake, katika bendi ya misheni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ugali upo, nyama imekwisha."

"Nimekufuata wewe, ukarekodi na bendi yetu."

Wachimbaji wakaacha kutafuna. "Akienda, nani atatuita kula?" mmoja akalalamika.

"Matumbo yenu," akajibu, akamkabidhi mdogo wake mwiko.

Ijumaa, juu ya lori, nilimwimbia sehemu ya gitaa kwa mdomo: nyaa, nyaa, nyaa! Abiria walicheka hadi Shinyanga.

Jumamosi asubuhi, ukumbini, alipopuliza mara ya kwanza fundi alivua visikilizio vyake kama vimemchoma.

"Mama, rudi nyuma kidogo."

Akarudi. Bado magitaa yalimezwa. Akarudi tena, na tena, mpaka akatoka mlangoni, akasimama uani katikati ya kuku. Salum alishika kichwa. Mafundi walikuwa wakiwahi ndege uwanja wa Ibadakuli, muda ulitosha kurudia mara moja tu. Nikasimama dirishani nimpe ishara.

Tulipofika katikati, nikamwinamishia kichwa. Sauti ikaingia dirishani kutoka mbali, laini na pana, ikakaa juu ya makelele yetu bila kuyagusa. Fundi akainua dole gumba. Salum alitoka mbio kumkumbatia, kuku wakatawanyika.

Jumapili nilimsindikiza kwao. Karibu na Kahama akaniambia, "Mnapiga vizuri, mwanangu, ila mnaogopa kunyamaza."

Tangu safari ile, katika kila wimbo niutungao huacha mahali ambapo gitaa langu halisemi kitu.