Kuitengeneza Video Bila Kuitazama

Mama mkubwa alikuja kwangu Nguvumali na flashi ameifunga kwenye pindo la kanga. Hata shikamoo yangu aliipokea juu juu. Ndani ya flashi mlikuwa na video ya ngoma ya wanawake ya harusi ya binti yake, na humo mama yangu, mdogo wake wa tumbo moja, anacheza. Miezi michache baada ya harusi ile mama alifariki. Video nyingine yake hatuna.

Kwenye televisheni ya mama mkubwa sauti ilitoka vizuri, picha ikabaki giza. Kwa mafundi wa mjini hakutaka kuipeleka, na alikuwa na haki. Ukumbini wanawake walivua mabaibui wakijua hakuna mwanamume atakayewaona. Hata mpiga picha alikuwa mwanamke. Mimi najua kompyuta kidogo, lakini ni mwanamume pia, kwa hiyo kwangu alikuja na sharti.

“Itengeneze, mwanangu, lakini usiitazame.”

Nilikasirika. Nitatengenezaje kitu nisichokitazama, na mle yumo mama yangu? Kisha nikajicheka, maana kazi yenyewe haikuhitaji kuona picha. Nilifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika ffprobe, programu inayosoma taarifa za video bila kuionyesha, na jina la faili. Majibu yakaja kwa maandishi matupu, na mama mkubwa amenisimamia mgongoni kama mlinzi wa benki. Sauti ilikuwa ya AAC, ya kawaida tu. Picha ndizo zilizobanwa kwa kodeki ya HEVC, njia mpya ya kubana video ambayo televisheni yake ya zamani haiijui. Jina la faili liliishia na mp4 kama video zake nyingine, ndiyo maana hakuna aliyeshuku. Nikatoa amri picha zibanwe upya kwa H.264, kodeki ya zamani ambayo televisheni nyingi zinaijua, tukanywa chai huku namba zikikimbia.

Alitaka nimsindikize nyumbani, isije ikagoma tena. Nilikaa barazani, yeye akajifungia ndani. Ngoma ikaanza. Nikamsikia analia, kisha anacheka, kisha ngoma ikakatika. Nilimwonea wivu, wivu wa kitoto kabisa.

Mlango ukafunguliwa, akaniita. Video alikuwa ameisimamisha, na kanga yake ameitandaza mbele ya televisheni, imewafunika wanawake wote. Upande wa kushoto aliacha upenyo. Mama yangu alikuwa hapo, mkono mmoja juu, anacheka.

“Mtazame mama'ko,” alisema, akaishikilia kanga isiteleze.