Tulipima mtandao migomba ikiwa imeanguka, tukalipia mwaka mzima

Wakuu, shikamooni wote, maana humu siwezi kujua nani wa kuamkiwa na nani rika langu.

Mimi kawaida nasoma nyuzi za watu napita kimya. Kuandika naandika kwenye daftari langu ambalo hakuna anayelisoma. Leo nimeshindwa kunyamaza. Yote nitakayosema ni ya kweli, sijatia chumvi, na mwenye kubisha aje Ijumbi nimwonyeshe mgomba wenyewe.

Niko kidato cha tatu, shule ya kutwa, huku Muleba.

Mwalimu wetu wa Fizikia alihamishwa, mwingine hajaja mpaka leo. Likizo fulani nikiwa kwa baba mdogo Deo kule Kibeta, Bukoba mjini, nikapata nafasi kwenye darasa la mtandaoni. Mwalimu yuko Mwanza, anafundisha Fizikia bure kila Jumamosi asubuhi. Nafasi ni chache. Ukikosakosa, anapewa mwingine.

Sasa niseme kitu ambacho sijamwambia mtu.

Darasani mimi sinyooshi mkono. Hata jibu nikiwa nalijua. Wenzangu wakigeuka kunitazama tu, nainamia daftari. Lakini kule mtandaoni unaandika swali lako pale pembeni, mwalimu analisoma, anajibu. Nikajikuta nauliza! Siku moja mwalimu akasema, "Huyu Koku leo ametubana." Nilicheka peke yangu siku nzima.

Kwa hiyo likizo ilipoisha nikamwomba baba tuweke intaneti nyumbani. Hapo ndipo mateso yalipoanza.

Baba alianza na watu wa simu za waya, kwa sababu anaamini kitu chenye waya ndicho cha uhakika. Tukaenda mjini. Dada wa kaunta akauliza tunakaa wapi. Baba akataja. Dada akatuhurumia kwa macho kwanza, halafu akaeleza: intaneti ya waya inategemea umbali kutoka kwenye mitambo yao. Ukikaa jirani unapata speed nzuri, ukikaa mbali inakufikia imechoka, na kwetu hata huo waya wenyewe haufiki. Faiba nayo inaishia mjini.

Baba akasema, "Dada yangu, waya tu. Sijaomba mnijengee reli."

Dada akasema pole mzee. Tukatoka.

Baba mdogo Deo, ambaye hakuna kitu asichokijua, akaleta wazo la dishi la setilaiti. Eti kuna watu wanayavusha mpakani Mutukula kimyakimya, bila kibali.

"Deo," baba akamwambia, "unataka nilale mahabusu kwa ajili ya Fizikia?"

Ikabaki router ya laini, ile unachomeka kwenye umeme inavuta mtandao kutoka mnarani.

Wakuu, hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu tulikuwa makini kweli. Hatukununua kwa kuambiwa. Tuliazima router ya baba mdogo, tukaazima na laini za kampuni mbalimbali, tukapita nazo chumba kwa chumba. Vyumbani hakuna kitu. Jikoni hakuna kitu. Dirisha la sebuleni linaloangalia upande wa mnara, laini moja ikakamata mpaka baba akapiga kofi. Tukajaribu asubuhi, tukajaribu jioni, tukajaribu siku ya mvua. Video inacheza bila kuzunguka.

Baba akatoa pesa ya kahawa akanunua router na kifurushi cha mwaka mzima, kwa sababu ukilipa mwaka unapunguziwa. Mkataba ukasema ukishalipa pesa hairudishwi. Baba akasema irudishwe ya nini wakati router inafanya kazi?

Kitu kimoja hakuna aliyekiwazia. Muda si mrefu kabla ya hapo tulipigwa na mvua ya mawe na upepo, migomba yote ya mbele ya dirisha hilo ikalala chini. Tulipima mtandao kwenye uwazi!

Kwa wasiojua kwetu: nyumba ya Mhaya iko katikati ya kibanja, yaani shamba la migomba limeizunguka kila upande. Ukipita barabarani unaona migomba tu, na moshi.

Router ikawekwa dirishani juu ya kitambaa cha kufuma. Jumamosi zangu zikawa tamu, naingia darasani kwa tableti ya zamani aliyoniachia baba mdogo. Nikawa nauliza maswali kama kawaida.

Ila bibi, mama yake baba, mwenye kibanja, alikuwa hana amani.

"Uwazi huu unanitia aibu," akawa anasema. "Mgeni akiingia anaona nyumba iko uchi."

Akapanda machipukizi makubwa pale pale. Na kazi ya samadi akapewa nani? Mimi. Kila nikitoka shule, "Koku, mwana wange, ng'ombe wamekusubiri." Nabeba samadi, namwaga kwenye mashimo, natandaza nyasi. Bibi anasimama pembeni ananisifia mkono, eti unastawisha. Migomba ikashika kasi, majani mapana kama mikeka. Hata mimi niliona fahari.

Mtandao ukaanza kulegea.

Haukukatika ghafla. Kwanza sauti ya mwalimu ikawa ya kukwama. Halafu picha ikaganda. Halafu taa ya kijani ikawa nyekundu saa nyingine, mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Baba akapiga huduma kwa wateja. Unasikiliza muziki mpaka unaukariri, halafu unaambiwa zima, washa. Tukazima, tukawasha. Siku nyingine ukipiga ni mtu mwingine, unaanza hadithi upya: zima, washa. Baba akawa anaongea nao Kiswahili, hasira zikizidi anahamia Kihaya, wao wanabaki "samahani mteja".

Baba mdogo Deo akaja kutoka Kibeta kuitengeneza. Akaigeuza, akaipuliza, akabonyeza kitundu cha nyuma kwa pini. Akasema, "Kaka, hii inataka software." Akala ndizi, akapanda gari akarudi zake mjini.

Mwaka tumeshalipia. Kila mwezi unahesabiwa kama kawaida, sisi tunaangalia taa nyekundu.

Halafu Jumamosi moja mvua ilikuwa imetoka kukatika, upepo ukawa unapita. Mimi nimekaa nakodolea ile taa karibu nilie. Ikawa kijani. Ikawa nyekundu. Kijani tena. Nikainua macho. Nje ya dirisha kuna jani moja kubwa la mgomba linapepea, linakwenda, linarudi.

Nikachukua fagio, nikapitisha mpini kwenye nondo, nikalisukuma lile jani.

Kijani.

Nikaliachia.

Nyekundu.

Wakuu, sikujua nicheke au nivunje kitu. Samadi yote ile!

Nikamwita baba. Na yeye akasukuma, akaachia, akasukuma. Halafu tukatazamana, kwa sababu wote tulijua kinachofuata ni kuongea na bibi.

"Mama," baba akaanza kwa adabu zote, "ule mgomba wa dirishani..."

"Umeona mkungu wake?" bibi akasema. "Umeanza kushuka."

"Waitu mama, tafadhali, huo ndio unaomzuia mtoto asisome."

"Mgomba? Umeingia lini darasani?"

Baba akaeleza mnara, mawimbi, router. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mbwenu, sasa mkungu wenye ndizi niutupe, ili kisanduku chako kivute hewa. Watu wakiuliza, niwaambie nini?"

Mwenye kwao Kagera ananielewa. Mgomba wenye mkungu mchanga haukatwi hivi hivi. Baba alijaribu kupunguza majani mawili tu. Bibi hakuitikia salamu yake mpaka kesho yake, eti ukipunguza majani ndizi zinabaki nyembamba. Na majani mapya yakatoka.

Wiki iliyopita mwalimu akaandika kwenye kundi: ambao hawaonekani, Jumamosi hii wasipoingia nafasi zinakwenda kwa wengine. Alitaja majina. Langu lilikuwepo.

Jumamosi ikafika na mvua tangu alfajiri. Taa nyekundu. Baba ameondoka na simu yake kupeleka kahawa. Nikasukuma jani kwa fagio, wapi, majani ya jirani nayo yamelowa. Nikakaa chini nikalia, sifichi.

Bibi akaja kusimama mlangoni. "Huyo mwalimu wako hana simu ya kawaida?"

Namba yake ninayo. Tatizo halikuwa namba. Tatizo ni kwamba kwenye simu hakuna pa kuandika swali, inabidi uongee.

Bibi akanipa kitochi chake, ile simu ndogo ya vitufe. "Piga. Salio lipo."

Nikapiga. Mwalimu akapokea katikati ya kipindi. Nikajitaja, nikasema mtandao umekataa, naomba asiniondoe.

"Ndiye wewe Koku wa maswali? Subiri nikuweke spika wenzako wakusikie. Tuko kwenye mawimbi. Swali lako?"

Nikasikia watu wanapumua kule. Nikafumba macho.

"Mwalimu, kwa nini jani la mgomba linazuia network kuliko ukuta wa tofali?"

Wakacheka. Mtu mmoja akasema, "Kumbe Koku ana sauti!" Mwalimu hakucheka. Akasema hilo ndilo swali la leo. Akaeleza kwamba jani la mgomba limejaa maji ndani, mvua inaongeza mengine juu, na maji yanameza hayo mawimbi. Akaniuliza na mimi maswali, nikajibu. Kwa mdomo. Mwishoni akasema nafasi yangu ipo, mtandao ukikataa nipige.

Bibi alikuwa amesimama pale pale anasikiliza spika ya kitochi.

"Kumbe tatizo ni maji," akasema. "Basi tusubiri kiangazi."

Wakuu, nikarudisha fagio mahali pake.

Tumefikia hapa: mkungu ukikomaa, bibi amekubali pale papandwe maharage. Mpaka hapo mimi ni mwanafunzi wa kitochi.

Nilichojifunza ni kwamba kama unakaa mbali na mitambo, usipime mtandao tu. Tazama na kilicho kati yako na mnara, ujiulize kinakua au hakikui. Na lipia mwezi kwanza. Huo unafuu wa mwaka tumeulipa mara mbili.

Mlio vijijini kama sisi, antena ya nje kwenye mlingoti mrefu kupita migomba inasaidia kweli, au tutapigwa tena? Nijibuni taratibu kabla sijaanza kumshawishi baba. Mwenye kutaka kunicheka pia aje tu, nimeshazoea kusikika.