Gauni la Bi Ingrid

Juzi, kwenye duka la nguo za zamani hapa Stockholm, niliona gauni lenye kiuno chembamba kama cha nyigu na sketi pana ajabu. Muuzaji alitaja bei. Mimi ninayebishania hata vitunguu nilitoka haraka.

Utotoni mwangu tulikuwa tukikaa Spånga, pembezoni mwa jiji hili, mama akishona nyumbani. Bi Ingrid, mjane wa ghorofa ya chini, alileta gauni kama lile lipanuliwe kiuno. Lilinukia sabuni na kabati. Niliipima sketi kwa mikono, mara mbili: ingemzunguka mama mara tatu. Mama alikuwa amenifundisha kukata doti ya kanga katikati ili zipatikane mbili. Nikaona hii nayo ni doti ambayo Wazungu wamesahau kuikata. Mama alipoingia jikoni, nikawasaidia.

Jioni Bi Ingrid alikuja kulichukua, akavishika vile vipande viwili. "Wakati wa vita tuligawiwa kitambaa kwa kadi," alisema. "Vilipoisha, nilitaka sketi inayokula kitambaa bila kuuliza. Nilichumbiwa nikiwa nimeivaa."

"Nisamehe sana," mama alijibu kwa Kiswidi chake cha kukwamakwama. "Mkasi uliniponyoka."

Mimi niliyeishinda redio kwa maneno nilinyamaza nyuma ya cherehani, hata mama alipopigwapigwa begani na kuambiwa kila mkono hukosea.

Mlango ulipofungwa, mama alipitisha kidole kwenye mkato wangu. "Umekata vizuri, mwanangu," alisema.

Afadhali angenichapa.