Choo cha Baba Kisichojaa

Baba yangu alijivunia vitu viwili: mke wake kutoka kisiwa cha Ukerewe na choo chake kisichojaa. Baadhi ya majirani zetu wa ufukweni, huku upande wa Nyegezi, hawakuisha kuita gari la majitaka, mipira ya kunyonyea imetandazwa uani na harufu imeingia hadi kwenye masufuria. Baba, fundi mwashi mstaafu, alisimama mlangoni akiwapa pole ya kinafiki. "Changu nilikichimba mwenyewe," aliwaambia. "Tangu huyu binti yangu yuko tumboni, hakijajaa." Binti mwenyewe ni mimi, na sasa nina watoto wa sekondari. Nilipokuwa msichana niliona aibu kweli kutajwa katika sentensi moja na choo.

Kiwanja chenyewe alikitafuta kwa ajili ya mama. Mama alipoolewa alipelekwa kijijini kwa kina baba, huko kwenye ng'ombe na vumbi, akakosa usingizi kwa sababu hakusikia maji. Baba, ambaye hata leo hajui kuogelea, akahangaika mpaka akapata mahali chini ya mawe, ziwani kabisa. Nyumba ikakaa juu ya mwamba, na choo kikajengwa chini, pale penye udongo, karibu na maji. Huku kwetu wote tulijenga hivyo. Mwanza ni mawe, na mtu akipata kipande cha udongo, cha kwanza anachimba choo.

Jirani na shimo hilo, katikati ya mawe mawili makubwa, kuna kighuba kidogo. Mama aliogelea humo kila asubuhi kabla ya chai, kitenge chake kimetandikwa juu ya jiwe. Baba aliketi kwenye kigoda, ameyapa maji mgongo, eti analinda.

"Ukizama nitafanyaje mimi?" aliuliza.

"Utapiga kelele. Si ndiyo kazi yako?"

Nilikua nikisikia mabishano hayo kama watoto wengine walivyosikia redio.

Kisha, nilipokwisha kuwa mtu mzima, maji yakageuka kijani. Mwanzoni ilikuwa baada ya mvua tu, baadaye ikawa mwaka mzima, maji mazito kama mlenda, na visamaki vinaelea tumbo juu. Mama akaoga akatoka anajikuna mwili mzima, akaacha kwenda. Alinyong'onyea. Siku moja tukiwa tunakula alisema, "Nitarudi kwetu Nansio nikaoge. Mdogo wangu ana chumba."

Baba alicheka. Mama hakucheka. Nikamwona baba akimeza tonge bila kulitafuna.

Tangu hapo baba alilaumu kila mtu: viwanda, magugu maji, na zaidi ya wote jirani wa kushoto. Kwenye mkutano wa mtaa, bwana afya alitueleza kwamba majitaka ya vyooni yana naitrojeni, ile ile iliyomo kwenye mbolea ya mahindi. Yakipenya hadi ziwani yanaustawisha huo ukijani, nao unawamalizia samaki hewa. Baba alipiga makofi huku akimkodolea macho jirani wa kushoto.

Kesho yake mama alinunua bluu ya kufulia, akaikoroga ndoo nzima mpaka ikawa nyeusi, akaimimina chooni kwetu. Mchana uliofuata alikuwa ameketi kighubani, nami niko naye, alipopaza sauti.

"Mzee! Njoo umwone jirani wa kushoto."

Kwenye ufa wa jiwe, mstari wa bluu ulikuwa ukiteremka taratibu kuelekea majini. Baba alipiga magoti, akaugusa kwa kidole.

"Kumbe hakijai kwa sababu kinavuja," alisema mwishowe. "Miaka yote hii nimekuwa nikilima ziwa."

Mama alicheka mpaka akashikilia jiwe asianguke. Mimi nilimpenda baba siku ile kupita kiasi, kwa sababu hakutafuta kisingizio.

Juu, karibu na barabara ambako gari la majitaka linafika, hakuna udongo kabisa. Baba aliwaita mafundi wenzake wawili, wazee kama yeye, wakapasua mwamba kwa njia yao ya zamani: wanawasha moto juu yake kutwa nzima, wanaumwagia maji baridi, unalia pa!, ndipo nyundo inaingia. Walikohoa moshi na kutaniana kama vijana. Akajenga tangi la zege, akalipiga lipu ndani chini na pembeni, lisipitishe hata tone. Choo kikahamia huko. Shimo la zamani lilinyonywa, likafukiwa, juu yake akapanda migomba. Mama mwenye magoti mabovu alilalamikia kila ngazi ya kwendea chooni.

Ila ziwa haliponi kwa choo kimoja, na jina la Nansio liliendelea kutajwa mezani. Basi baba akawa anapita kwa majirani na pakiti za bluu mfukoni, akianza na yule wa kushoto, akamwomba radhi huku mke wa jirani akisikia. Baadhi walimfukuza. Wengine walimimina, wakaona, na moshi ukaanza kupanda kwenye miamba yao.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwasalimia. Sijafika mlangoni nikamsikia baba akipiga kelele huko juu, kwa furaha ya mtu aliyeletewa mjukuu.

"Mama watoto! Kimejaa! Choo kimejaa!"

Majirani walitoka kuchungulia. Jikoni hapakuwa na mtu. Kitenge cha mama kilikuwa juu ya jiwe, naye yuko ndani ya maji hadi shingoni. Kandokando bado palikuwa na ukijani, lakini katikati niliona miguu yake ikipiga.

"Nimesikia," alijibu. "Sasa shuka uje kukaa kwenye kigoda chako."