Viti Vilivyotazamana Mjini Kisii

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyowaona wazee wetu wakiufuata muziki wao hadi mjini, kisha wakakataa kuketi wausikilize. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa sijakaa sana katika ndoa, nikishona nguo kwenye veranda ya duka la Mzee Jivan, Mhindi aliyezaliwa papo hapo Kisii. Mbele ya duka palikuwa na kiwanja kitupu, na baraza la mji lilitaka kukifanya mahali pa kuegesha magari. Sisi wafanyabiashara tukakiomba ili papigwe obokano, kile kinubi chetu kikubwa chenye sauti nzito, kwa sababu watoto wa mjini walikuwa wanakijua kwa jina tu. Tukakubaliwa, lakini kwa sharti: pasipotumika, magari yaingie.

Mchoraji wa kiwanja hicho alikuwa kijana wetu aliyelelewa Nairobi. Alituletea mchoro wa kupendeza, viti vya mawe ya sabuni kutoka Tabaka vimepangwa duara, na mpigaji katikati. Sote tuliusifu. Mimi hasa niliusifu sana, nikasema mji wetu sasa utakuwa na uso.

Jumapili ya kufungua, Mzee Nyakundi alikaa katikati na obokano yake akaanza kupiga. Wanawake tukaketi na karanga zetu. Wazee wakaja, wengine wametoka Manga, wengine Sironga, na makoti yao ya kanisani. Wakafika ukingoni, wakavitazama viti, wakabaki wamesimama. Baba mkwe wangu alikuwa miongoni mwao. Macho yetu yakakutana, nikainuka kama niliyekalia moto, naye akageuka akashika njia ya nyumbani. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

"Mnaona?" afisa wa baraza akatuambia. "Wazee wenyewe hawataki mambo ya zamani. Hapa tutaweka magari."

Nilikasirika, na kibaya zaidi, nilianza kumwamini.

Wiki hiyo nikapanda Manga, nyumbani kwa wakwe zangu. Hapa nikueleze kidogo, kwa kuwa nyinyi vijana mmeanza kusahau. Kwetu kuna chinsoni, yaani haya ya heshima kati ya mtu na mkwe wake. Baba mkwe haingii nyumbani kwa mwanawe aliyeoa, na mke wa mwana haketi akimtazama usoni. Ndiyo maana mzee hata kunikemea hakunikemea moja kwa moja. Mimi nilikuwa nje namenya ndizi, yeye ndani, akamwambia mama mkwe kwa sauti ya kutosha kunifikia:

"Mwambie mke wa kijana, obokano wameipeleka mjini, vizuri. Lakini chinsoni wameiacha huku. Mimi nitakaa wapi? Nimwangalie mdomoni akitafuna karanga?"

Mama mkwe akatoka kunipa ujumbe ambao nilishausikia wote. Nami nikamsikiliza kwa adabu kana kwamba ni mpya, maana ndivyo inavyofanywa.

Nilipolieleza jambo hilo pale verandani, Mzee Jivan alicheka hadi akashika kaunta. "Hata kwetu iko hivyo, mama. Baba ya bwana akipita, mke ya kijana nafunika uso."

Mchoraji naye alikuwapo, wala hakununa. Aliniuliza, "Kwani kanisani wanakaaga aje?"

"Wanaume huku, wanawake huku, wote wanaangalia mbele."

Akachukua penseli yake. Viti vikang'olewa na kupangwa pande mbili, vyote vikimwelekea mpigaji aliyewekwa mbele, na kati ya pande hizo tukapanda ua wa miti iliyokwisha kukua kimo cha mtu. Kila upande ukapata mlango wake.

Wazee walirudi. Baba mkwe aliingia kwa mlango wa upande wake, na obokano ikanguruma. Mara ng'ambo ya ua nikasikia mtu akiitikia wimbo kwa sauti nzito, tamu ajabu. Nikamuuliza jirani yangu ni nani huyo.

"Wewe nawe! Si baba mkwe wako?"

Mwanangu, nilikuwa nampikia mzee yule tangu niolewe, na sikuwahi kumsikia akiimba. Nililia pale pale, nimejifunika leso. Yule afisa alikuwa amesimama karibu na mlango, na habari za magari hakuzitaja tena.

Sasa wewe unasomea kupanga miji. Siku utakapokabidhiwa uwanja, usidhani umerudisha mila kwa kuweka ngoma na mawe ya kuchonga. Uliza kwanza watu wenyewe hukaaje, nani hapaswi kumtazama nani, nani apishwe njia. Wazee hawatakuja ofisini kukueleza. Wataondoka kimya, na wewe utaandika kwamba hawakupenda. Usiandike hivyo. Wafuate hadi nyumbani, ukamenye ndizi nje ya mlango wao, usikilize.

Mungu aubariki mkono wako unaochora, aibariki na subira yako. Na akujalie kujenga mahali ambapo mtu uliyeishi naye miaka yote ataona ni salama kufungua kinywa chake na kuimba.