Bi Chomoa Anakwenda Likizo

Kampuni ile ya mabomba na koki ilikuwa na mkurugenzi wake, lakini wiki ya kufunga ofisi kwa likizo hata mkurugenzi alitii amri kama sisi wengine. Mwenye amri alikuwa Bi Chomoa, fundi wa kompyuta. Jina lake la kuzaliwa wengi walishalisahau. Mama mfupi, kitambaa begani, alipita mlango kwa mlango akipaza sauti: "Chomoa! Kuzima peke yake hakutoshi, chomoa kwenye soketi!" Na nani abishe? Umeme wa mtaa ule ulikuwa na tabia mbaya. Ukikatika, unarudi kwa kishindo, na mashine iliyoachwa kwenye soketi inaungua hapo hapo.

Ole wako ukifunika kompyuta kwa plastiki kabla haijapoa. "Wewe ukitoka jikoni unatiririka jasho, halafu nikufunike blanketi, utanishukuru?" Hivyo ndivyo alivyomuuliza katibu muhtasi, naye akaifunua haraka haraka, wenzake wanacheka chini chini.

Siku hiyo ya mwisho ulimi wake ulikuwa mkali kupita kawaida, na sababu ilikuwa moja. Binti yake wa pekee, aliyeolewa mji wa mbali, alikuwa na mimba ya kwanza na siku zake zimetimia. Asubuhi Bi Chomoa alimpigia simu. "Mwanangu, jioni ya leo nipo kwako."

Binti akasema kwa upole, "Mama, usiniahidi. Nimeshamwomba wifi anipeleke hospitali."

Maneno yale yalimchoma, tena yalimchoma kwa kuwa ni ya kweli. Siku ya harusi ya mtoto huyo huyo, ofisi ilipiga simu kwamba seva imegoma, naye akaacha sherehe akakimbilia kazini na nguo zake za harusini. Aliporudi, bibi harusi alishaondoka na watu wanakunja viti. Angemtuma nani? Chumba cha seva kilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo wenyewe ulining'inia shingoni mwake. Hakumwamini mtu. Mhasibu ndiyo kabisa! Huyo aliwahi kuimwagia kibodi chai ya maziwa, na tangu hapo alipigwa marufuku hata kuchungulia.

Basi, hadi adhuhuri kazi ilikuwa imenyooka. Kompyuta za ofisini zimechomolewa, zimepanguswa vumbi, zimepoa, zimefunikwa. Ilibaki seva, ile mashine kubwa inayotunza hesabu na oda za kampuni nzima. Ilikuwa inanakiliwa kwenye diski ya pembeni. Ikimaliza, anaizima, anaifungia diski kwenye kasiki, sanduku la chuma la ofisi, halafu anawahi basi. Chumba kilikuwa na joto, akaacha mlango wazi, akaenda kuchomoa printa za ghalani.

Aliporudi, chumba kilikuwa kimya. Seva haikuwa na taa hata moja. Kando yake amesimama askari wa getini, anatabasamu hadi jino la mwisho.

"Mama, nimekusaidia. Hii uliisahau, nimeichomoa."

"Umeichomoa!"

"Ndiyo, mama. Na hili boksi la chini," akaonyesha betri ya akiba, "lilianza kulia pii, pii, pii. Nikalibonyeza mpaka likanyamaza. Lilikuwa linateseka, maskini."

Bi Chomoa aliuokota waya sakafuni. Amgombeze kwa lipi? Miaka yote amewaimbia chomoa, chomoa, na leo kapata mtu wa kumsikiliza. Akaketi sakafuni, mikono kichwani. Seva ikizimwa ghafla katikati ya kunakili, inaweza kupoteza kila kitu.

Akairudisha kwenye umeme, akabonyeza, akangoja. Mashine ikaguna, ikanyamaza, ikaguna tena, kisha ikaanza kujikagua taratibu mno. Mwishowe hesabu zikafunguka, nzima zote. Lo, Mungu mkubwa! Ila nakala ndiyo ilikuwa imeharibika. Ilibidi ianzwe upya, na hadi imalizike, basi litakuwa limeshaondoka.

"Nenda," sauti ikasema. Alikuwa mhasibu, amesimama kizingitini, hathubutu kuvuka. "Nitakaa nayo mimi."

"Wewe? Wewe wa chai?"

"Mimi wa chai. Bi Chomoa, mshika mawili moja humponyoka. Harusi ya mwanao tuliila sisi, wewe hukuila. Na hili nalo tukuwakilishe?"

Hasira zikampanda, zikashuka, na machozi yakamjaa machoni. Alikuwa anaogopa, na hakuona sababu ya kuficha. Akauvua ufunguo shingoni, akauweka kwenye kiganja cha mhasibu, lakini vidole vyake vikachelewa kuuachia.

"Ngoja mpaka iandike imekamilika. Uizime kwanza yenyewe, usiguse waya! Diski kwenye kasiki. Halafu betri. Kuchomoa ni mwisho kabisa. Haya, rudia."

Akarudia, akakosea. Akarudishwa mwanzo mpaka akapatia.

"Na chai?"

"Hata maji siyagusi, mama."

Basi lilikuwa limeshauacha mji simu ilipoita. Ofisi! Kabla hajapokea, mkono mmoja ulishashika mfuko, tayari kushuka.

"Imekamilika," mhasibu alisema. "Diski iko kwenye kasiki, nimezima, nimechomoa, nimefunga mlango. Na wewe simu ya kazi umepokea ya nini? Si uko likizo?"

Alicheka mpaka abiria wa mbele wakageuka.

Kiza kilikuwa kinaingia alipobisha hodi. Binti alifungua mlango, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika simu, mfuko wa nguo za mtoto uko miguuni. Uchungu ulikuwa umeshaanza. Akamtazama mama yake, kisha akatazama barabarani nyuma yake, kama anayemtafuta mtu aliyekuja kumchukua tena.

"Wamekupigia?"

"Wamenipigia."

Uso wa binti ukasinyaa. "Wanakutaka lini?"

"Hawanitaki. Wamemaliza bila mimi."

Binti alimwegemea mama yake kwa uzito wake wote, yeye na tumbo lake, akahema mpaka uchungu ukapita. Kisha akainua simu.

"Wifi, wewe lala tu," alisema. "Nina mama yangu."