Salamu ya Nyuki

Sogeeni hapa karibu, zimeni hiyo televisheni, na mwenye simu aiweke chini kidogo. Nataka kimya, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali.

Nilipokuwa mtoto kule Illasit, Koko, ndivyo tunavyomwita bibi, mama ya baba yangu, alituonya kwamba mzinga haufunguliwi kabla nyuki hawajasalimiwa kwa lugha ya watu wake. Watu wake hawakuwa na ng'ombe. Waliishi kwa asali na nyama ya porini. Alipoolewa na babu, mfugaji, aliambiwa lugha hiyo isisikike bomani, watoto watachekwa. Basi watoto wake wote wakakua na Kimaasai tu. Ile salamu alinifundisha mimi, tukiokota kuni, tukiwa wawili.

Dada yangu alipochumbiwa, ikatakiwa asali ya baraka. Goti la Koko lilikuwa limekataa kutembea, akanituma na baba mdogo, Saitoti. "Yeye apande na moshi," akaniambia, "wewe usalimie. Waambie ni mimi nimewatuma."

Chini ya mti wa mzinga tukakuta wasichana wakitoka mtoni. Mmoja akaniuliza, "Nyinyi watu wa nyuki, leo mmekuja kuwakamua?" Wakacheka hadi maji yakamwagika. Nikaona haya. Nikawasalimia nyuki kwa Kimaasai, haraka, kama mtu anayepita njia.

Saitoti akafungua mzinga. Nyuki wakamshukia wote. Alirudi nyumbani macho yamefungika, midomo imefura, na nyuki wakahama siku hiyohiyo. Asali ya dada tuliomba kwa majirani.

Koko hakunichapa. Aliuliza tu, "Uliwasemesha kwa lugha gani?"

Akavuta shuka, akageukia ukuta.

Miaka mingi nimejiambia moshi ulikuwa kidogo. Labda. Lakini nikikaa hapa Kitengela naona kitu kingine. Dada yake Koko alikuwa amekufa, na hakukuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye lugha ile. Alikuwa amebakiza nyuki. Na mimi ndiye niliyewafukuza.

Naelewa kwa sababu nyumba hii ni ya Kiswahili. Mke wa mwanangu ametoka Kakamega, mama mzuri, hanywi chai kabla hajanimiminia mimi. Tunakutana kwa Kiswahili. Nikimsemesha mjukuu wangu Naserian kwa Kimaasai, ananikumbatia shingoni: "Koko, sijashika. Rudia na Kiswahili." Narudia. Nani atamkasirikia mtoto anayecheka hivyo?

Koko alipofariki, Saitoti alirithi mzinga, hadi mchwa wakaumaliza. Dada yangu alipata kibuyu cha asali, na bado kinanukia. Mimi nilibaki na salamu, maneno manne; maana yake Koko alienda nayo. Naserian ameyarekodi kwa simu, na asubuhi namsikia akiwasemea nyuki kwenye maua ya jirani, bila kukosea.

Kimaasai changu bado hajaniomba. Nimemwekea.